Namna ya Kutumia Ute wa Mshubiri Kusaidia Kinga ya Kuku

Mfugaji anayetaka kuwapa kuku wake mshubiri (aloe vera) aanze kwa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mno: kuua virusi na kuamsha kinga ya mwili. Maji ya mimea mingi huzuia virusi katika chupa za maabara, lakini kirusi huzaliana ndani ya seli za mnyama, na dawa inayofika huko baada ya kupita tumboni mara nyingi ni kidogo mno. Hakuna mmea uliothibitishwa kuponya mdondo (kideri), ugonjwa wa kuku unaoletwa na virusi, na kuku asiyechanjwa hubaki hatarini hata akinyweshwa mshubiri kila siku. Kinachotafutwa katika ute wake ni asemanani, sukari ya mnyororo mrefu inayochochea chembe za kinga zinazomeza vijidudu.

Sukari hiyo huyeyuka katika maji, hujitenga ikitiwa spiriti, na huharibika joto likizidi nyuzi 60 za Selsiasi; kwa hiyo usiuchemshe ute wala kuuloweka katika spiriti.

Kata majani ya nje yaliyokomaa, uyasimamishe kwa robo saa, upande uliokatwa ukiwa chini, ili utomvu wa njano uchuruzike. Nasisitiza hatua hii kuliko zote, kwa sababu utomvu huo una aloini, ambayo huharisha, na kifaranga anayeharisha hupungukiwa maji upesi. Kisha osha, menya ganda, suuza ute mpaka umanjano uishe, uponde, uchuje kwa kitambaa safi, na uutumie siku hiyohiyo.

Anza na kuku wachache, uwachanganyie ute huo katika maji ya kunywa, ukiwalinganisha na wenzao wa umri na chakula kilekile wanaokunywa maji matupu. Wakipunguza kunywa au kinyesi kikilainika, acha.

Ikiwa chanjo hutolewa kwenye maji, ondoa mshubiri tangu siku iliyotangulia na usuuze vyombo vizuri, kwa maana chanjo ya namna hiyo huwa na virusi hai, na chochote kinachoweza kuvidhuru virusi vya ugonjwa chaweza kuiharibu nayo pia.

Ukiona vifo vya ghafla, shingo zilizopinda au kinyesi cha kijani, usipoteze siku kwa kuongeza kipimo cha ute: watenge wagonjwa, usiuze wala kuhamisha kuku yeyote, na umwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.