Gusa kitovu cha gurudumu kabla hujaendelea na safari

Wenye trela ndogo za kulala, nawaomba jambo moja: mkisimama kujaza mafuta, zungukeni nyuma mkaguse kitovu cha kila gurudumu. Sogezeni mkono taratibu, msije mkaungua. Uvuguvugu ni kawaida. Lakini kimoja kikiwa cha moto kuliko mwenzake, kiasi cha kushindwa kukishika, huenda beringi, yaani chuma cha ndani ya kitovu kinacholiwezesha gurudumu kuzunguka kwa ulaini, imekauka grisi, imekazwa mno, au breki inashika. Usiendelee.

Ukiwa nyumbani, weka jiwe kwenye gurudumu la upande wa pili, piga jeki, shika tairi juu na chini ulitikise, kisha lizungushe. Likicheza au likikwaruza, fungua. Trela iliyokaa miezi bila kutembea ndiyo ya kuogopa zaidi, maana unyevu ukiingia, kutu hula beringi kimyakimya. Yangu ilinifia njiani usiku, watoto wakiwa ndani ya gari; sitamani mtu mwingine apitie hali ile.

Badili grisi kila mwaka au kila kilomita 19,000 hivi, na kila ukifungua weka sili mpya, ule mpira wa kuzuia grisi isitoke. Ya zamani ikivuja, grisi hufika kwenye breki.