Windows haionekani kwenye menyu ya GRUB? Usifomati

Kama una Ubuntu na Windows kwenye kompyuta moja, na ghafla menyu ya kuwashia inaonyesha Ubuntu peke yake, tafadhali usikimbilie kufomati. Mara nyingi Windows iko palepale na mafaili yako yote. Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB (programu inayoonyesha menyu hiyo ya kuwashia) kwa kawaida haitafuti tena mifumo mingine, kwa sababu za usalama. Ukiwa ndani ya Ubuntu, fungua faili /etc/default/grub kwa sudo (yaani kwa haki za msimamizi), weka mstari GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false (kama tayari upo na alama ya # mbele, futa alama hiyo tu), hifadhi, kisha andika sudo update-grub kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri). Subiri mpaka uone Windows Boot Manager ikitajwa, ndipo uwashe upya. Ikiwa iliyopotea ni Ubuntu, anzia kwenye mipangilio ya UEFI (programu ya kompyuta yenyewe inayoanza kabla ya Windows au Ubuntu). Huenda Windows imepanda tu juu ya orodha ya kuwashia iliyo humo.