Somo: Kupanga folda ya kuanzia kazi kwenye RStudio

Wakuu, somo hili ni la wale wenye takwimu zao, iwe za dagaa wa Mwaloni Kirumba au za mvua, ambao kila wakifungua RStudio (programu ya kufanyia kazi kwa R, lugha ya kuchambua takwimu) wanaambiwa faili halipo. Faili lipo. R inalitafuta kwingine.

Kwanza ujue inaangalia wapi. Kwenye konsoli, yaani dirisha la kuandikia amri, andika getwd() ubonyeze Enter. Kwa Windows mara nyingi inakutajia Documents, wakati dagaa.csv yako uliiacha Desktop.

Sasa tengeneza folda moja mama, tuseme D:/Kazi. Ingia Tools, Global Options, General. Hapo kuna kisanduku cha Default working directory: bonyeza Browse, chagua folda yako, OK. Funga RStudio, ifungue upya, rudia getwd(). Ikijibu "D:/Kazi", imekubali.

Ila mpangilio huo unashika pale tu ambapo hujafungua projekti (folda ya kazi moja ambayo RStudio inaitambua), na projekti ndiyo kazi yenyewe. Kila kazi ipe folda yake ndani ya ile mama, na dagaa.csv uihamishie humo. Kisha File, New Project, Existing Directory, chagua folda hiyo. Litatokea faili lenye mwisho wa .Rproj, siku nyingine ukilibofya mara mbili, R inaanzia humo humo. Kwenye skripti, yaani faili la amri zako, unaandika read.csv("dagaa.csv") basi. Ukimrushia folda nzima mwenzako wa Bukoba, kwake inasoma bila kugusa mstari hata mmoja. Skripti inayoanza na setwd(), amri ya kuihamishia R kwenye folda fulani, yenye njia ndefu inajua laptopu ya mwenyewe tu. Mimi nikiukuta mstari huo kwenye kazi ya mwanafunzi naufuta kabla sijasoma kinachofuata.

MASWALI

— Shikamoo mwalimu. Nimeandika setwd("C:\Users\Kazi"), imekuja nyekundu inalalamikia '\U'.

Marahaba. Njia hiyo umeinakili kutoka Windows. Ndani ya nukuu, R ikiona \ inajua kuna alama maalumu inakuja. \U inasubiri namba ya herufi ya Unicode, badala yake inakutana na "sers". Andika "C:/Users/Kazi", au weka \\ kila penye \.

— Mkuu, nimepanga kama ulivyosema, leo imefunguka folda nyingine kabisa.

Bila shaka umeingia kwa kubofya faili la .R. RStudio ikiwa imefungwa, ukipitia kwenye faili inachukua folda ya faili hilo. Kama sivyo, angalia kona ya juu kulia: huenda imekurudishia projekti ya jana.

— Sina laptopu, natumia kompyuta za chuo hapa Nyegezi na flashi yangu. Niweke flashi iwe folda ya kuanzia?

Hapana. Leo Windows inaiita E:, kesho mashine nyingine inaiita F:. Hamishia projekti nzima kwenye flashi, halafu uwe unafungua .Rproj kutoka humo. Na ukimaliza, funga RStudio kabla ya kuichomoa.