SOMO: Namna ya kukagua na kusoma picha za dhihaka za Paris, enzi za Napoleon

Wakuu, leo tuziangalie zile picha za zamani za Kifaransa zinazowacheka watu wa fasheni: akina dada wanaokula aiskrimu kwa madaha, walafi wa mezani, wanaume waliofungwa tai hadi kidevuni. Nazungumzia zilizochapwa kati ya 1800 na 1820 hivi, hasa mfululizo wa Le Bon Genre wa mchapishaji Pierre de La Mésangère na zile za duka la picha la Martinet, Paris. Wengi wanakimbilia kichekesho kabla ya kujua wameshika nini. Mimi nasema anza na karatasi.

HATUA YA 1: Papasa ukingo
Bamba la shaba lilipakwa nta, mchoraji akaikwangua kwa sindano, kisha tindikali ikala shaba pale palipokwanguliwa. Wino ulijazwa kwenye hiyo mifereji, juu pakafutwa, na karatasi yenye unyevu ikakandamizwa kwa rola. Mkandamizo huo huacha bonde dogo kuizunguka picha, na kidole kinalisikia. Usipolikuta usikate tamaa: wenye picha wengi walikata pambizo ili iingie kwenye albamu au fremu.

HATUA YA 2: Shika lenzi
Mstari uliochongwa na tindikali huishia butu. Uliochongwa kwa patasi huchongoka mwishoni. Ukiona vitone vidogo vimejipanga safu, hiyo ni nakala ya kiwandani, mrudishie mwenyewe. Rangi nazo zilipakwa kwa mkono, na mara nyingi brashi imevuka mstari. Ndiyo maana unaweza kukuta nakala mbili za picha ileile, gauni moja la waridi na jingine la kijani, zote halisi.

HATUA YA 3: Soma maandishi ya chini
Hapa ndipo ninapopapenda. "Del." hufuata jina la aliyechora, "sculp." jina la aliyechonga. "Chez Martinet, rue du Coq" ni anwani ya duka, mtaa wa kando ya jumba la Louvre ambao tangu 1854 unaitwa rue de Marengo. Dirisha la duka hilo lilijaza watu mpaka nalo likachorwa: Les Musards de la rue du Coq, wazururaji wamekodolea macho picha zilizotundikwa kwenye vioo. Ukikuta "Déposé à la Bibliothèque Impériale" (imewekwa Maktaba ya Kaisari), ujue Napoleon alikuwa ameshajitawaza, yaani 1804 au baadaye. Kabla ya hapo maktaba hiyo iliitwa Nationale (ya Taifa), na wafalme waliporudi ikawa Royale (ya Mfalme). Neno moja tu, na tarehe imejileta yenyewe.

HATUA YA 4: Sasa angalia meza
Chukua L'Après-dînée des Anglais (Waingereza baada ya mlo), ya mwaka 1814 hivi. Wanaume wa Kiingereza wamemaliza kula, chupa zimebaki, na mmoja anajisaidia kwenye chungu cha chumbani, wenzake wanaendelea kunywa kana kwamba hakuna kitu. Wanawake wako chumba cha pili, peke yao. Kwa Wafaransa, waliozoea kuchanganyika mezani wake kwa waume, dhihaka kuu ilikuwa huo mlango unaowatenga. Kile chungu ni kutia chumvi tu. Na picha inajigamba kwamba ilichorwa London na mfungwa wa vita wa Kifaransa! Napoleon alipoanguka, Waingereza wakamiminika Paris, kwa hiyo waliochekwa walikuwa wanapita hapohapo dirishani.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mbona nyingi hazina jina la mchoraji?
Jibu: Mnunuzi alijua duka, si mchoraji. Tena mambo ya siasa yalikuwa na wakaguzi wakali chini ya Napoleon. Kucheka kofia na ulaji kulikuwa na usalama zaidi.

Swali: Nina moja ya Le Bon Genre, karatasi yake haina mistari nikiiinua kwenye mwanga. Nimepigwa?
Jibu: Hapana, si lazima. Mistari ni alama ya karatasi za mtindo wa zamani zaidi, lakini karatasi laini isiyo na mistari ilikuwa imeshaingia Ufaransa tangu mwishoni mwa karne ya 18. Rudi hatua ya 1 na ya 2, ila kuwa macho: mkusanyiko huo ulichapwa upya karne ya 20, na rangi zake zimetulia mno ndani ya mistari.

Swali: Naweza kuziona bila kununua?
Jibu: Ingia Gallica, tovuti ya maktaba ya taifa ya Ufaransa, au ya British Museum. Andika jina la picha kwa Kifaransa.

Swali: Niko Mombasa, nyumba karibu na bahari. Nifanyie lamineti?
Jibu: Usithubutu ndugu yangu! Hiyo haitoki tena. Weka kwenye fremu, kadibodi isiyo na asidi ikae kati ya picha na kioo visigusane, na usiitundike ukuta unaopata jua wala ule unaotoa unyevu. Ukiona madoa ya kahawia yanaanza, iondoe ukutani kabla hayajasambaa.