Marakuja ya kwenye ukuta: fasi ya kukata na fasi ya kuacha

Nikipita kwenye avenye zetu za Himbi na Katindo, hapa Goma, huwa naona kitu ileile: marakuja (wengine wanaiita pasheni) imepanda ukuta wa mawe, ikapita juu ya bati, ikashukia upande wa jirani, ikakamata hata kamba ya kuanikia nguo, majani kibao lakini matunda ni ya kuhesabu na vidole. Ukiuliza mwenye parsele anakwambia eeh, hii kitu mwaka wa kwanza ilizaa, tulikunywa juisi mpaka tukachoka, sasa sijui ni nani aliiroga. Hakuna mutu aliiroga. Haijakatwa tu.

Marakuja inatoa maua kwenye tawi mpya, ile yenye imetoka msimu huu. Angalia karibu: fasi jani inashikana na tawi kuko kifundo, na kwenye kila kifundo kuko jani, kuko kidole kimoja chembamba cha kujikamatisha, na ua moja inaweza kutokea pale. Tawi yenye ilishazaa hairudilie kuzaa kwenye vifundo vilevile, yenyewe inazidi kurefuka na matunda inahamia mbele kwenye ncha. Ukiiacha miaka mbili bila kukata, huku kwako inabaki mbao kavu na majani ya zamani, matunda iko kwenye bati ya jirani na watoto wake njo wanakula. Kwa hiyo ukikata, unailazimisha kutoa matawi mpya karibu na wewe, na matawi mpya njo matunda.

Lakini usikimbie kuchukua panga, ngoja kwanza nikuelezee ujinga wangu. Babu yangu kule kisiwa cha Idjwi alikuwa na kahawa, na kahawa ikizeeka alikuwa anaikata chini kabisa, karibu na magoti, kisha inachipuka upya kama haijawahi kuumia. Mimi na akili yangu nikasema muti ni muti, mwezi wa saba, jua kali, nikakata marakuja yangu ya kwanza kwa urefu wa magoti, tena na panga yenye nilikuwa napasulia kuni. Nikamwagilia wiki sita. Haikutoa hata jani moja. Shina ya zamani ya marakuja, ile yenye imeshakuwa ngumu na rangi ya majivu, mara nyingi haina nguvu ya kuchipuka tena. Kahawa inasamehe, marakuja hapana.

Sasa tuanze na mwanzo juu ukipanda vizuri kukata inakuwa kazi ndogo.

Hapa Goma tuko karibu metre 1500 juu, kwa hiyo ile marakuja ya zambarau, ndogo, yenye harufu kali, njo inapenda fasi yetu. Ile ya manjano inapenda joto ya chini, na tena ua yake inahitaji chavua kutoka muti mwingine wenye hauko ndugu yake kabisa, sasa ukipanda moja peke yake utangoja sana. Ya zambarau inajizalisha yenyewe, hata muti moja inakutosha.

Udongo unajua mwenyewe tuko na nini: mawe ya volkano. Kwangu nilivunja mawe mpaka nikapata shimo ya nusu metre kila upande, nikaleta udongo ya kutoka nje, nikachanganya na mbolea ya ng'ombe yenye ilishaoza vizuri, yenye haina tena harufu. Kama uko fasi lava iko juu kabisa, panda hata kwenye mufuko mukubwa ama pipa yenye imetobolewa chini, itazaa, ila maji usisahau. Kama utapanda mbili, acha metre tatu ao nne kati yao.

Halafu waya. Watu wengi wanaacha muti ipande ukuta yenyewe, na ukuta wetu wa mawe nyeusi ukipata jua ya saa saba unakuwa kama sahani ya kukaangia, majani inaungua upande wa nyuma na hewa haipite. Mimi nilipiga vyuma vya betoni kwenye ukuta, vitokeze nje kiganja na nusu hivi, nikavuta waya moja nene yenye haishike kutu, kwa urefu wa metre mbili kasoro kidogo. Kwa nini huo urefu? Juu ukinyoosha mukono unafika bila ngazi. Kama hauna ukuta, miti mbili za kalitusi zinatosha, mutu wa chukudu, ile kinga ya mbao ya kubebea mizigo, atakuletea mpaka mulangoni, ila zikaze vizuri, kwa sababu marakuja yenye imejaa matunda na mvua iko nzito.

Muti ikifika urefu wa mukono, funga kamba kutoka chini mpaka kwenye waya na uizungushie polepole. Shina MOJA. Itajaribu kutoa matawi pembeni, kila fundo inataka kutoa, wewe ondoa yote na kucha ya kidole gumba wakati ingali ndogo, laini, inavunjika bila kisu. Hii kazi ni ya dakika mbili kila Siku ya Mungu asubuhi na watu hawaifanye, wanaona huruma, wanasema acha ikomae. Ukiacha utapata kichaka chini na waya tupu juu.

Ikifika kwenye waya na kupita kidogo, kata ile ncha. Itatoa matawi mbili ao tatu pale juu, chagua mbili zenye nguvu, moja ipeleke kushoto, moja kuume, uzizungushe kwenye waya bila kukaza kamba. Hizo tunaziita mikono. Kila mukono uende metre moja na nusu mpaka mbili, kisha kata ncha yake pia. Sasa mikono itaanza kutoa matawi yenye kuanguka chini kama pazia ya mulango, na hapo njo kuko utajiri wako wote. Usizirudishe juu! Naona watu wanachukua tawi yenye inaanguka wanaifunga tena kwenye waya juu eti ikae vizuri. Acha ianguke. Zipange tu zisikae zote fasi moja, kati ya moja na ingine iache kama kiganja kimoja, zenye zinazidi toa.

Ile pazia iko na tabia moja mbaya, vile vidole vyembamba vinakamatana, tawi hii inakamata ile, ile inakamata ya tatu, baada ya mwezi mbili ni nywele zenye hazijachanwa. Pita ukate vile vidole vyenye vinashikanisha matawi. Sio vyote, vile vya mikono kwenye waya acha vishike. Na ncha za pazia zikikaribia ardhi, zikate zibaki kama sentimetre 30 kutoka chini, juu matope yenye inaruka wakati wa mvua inaleta madoa kwenye majani na matunda.

Ua inafunguka asubuhi mapema na saa sita hivi iko naanza kujifunga. Kama unapiga dawa yoyote kwenye bustani, usipige asubuhi, juu hiyo saa kuko ile nyuki kubwa nyeusi yenye inatoboa mbao za nyumba, watu wanaifukuza na ufagio, kumbe njo inabeba chavua ya marakuja mugongoni. Mimi sasa naiacha itoboe mbao zangu. Kutoka ua mpaka tunda kuiva hesabu miezi mbili mpaka tatu, na usivune na mukono, ngoja ianguke yenyewe uokote. Yenye ngozi imekunjamana kama ya mama muzee njo tamu zaidi, wauzaji wanajua lakini hawakwambie.

Haya, kukata kwenyewe.

Wakati yangu ni mwisho wa mwezi wa nane kuingia wa tisa, mavuno kubwa imepita na mvua iko karibu. Ukikata katikati ya kiangazi, mwezi wa sita ao wa saba, muti haina maji ya kutolea matawi mpya, inakaa tu inakuangalia. Ukikata katikati ya mvua kali, kidonda inabaki maji na ugonjwa inaingia. Chagua siku kavu, saa tatu asubuhi umande ikishaisha. Kuko pia usafi kidogo kwenye mwezi wa pili, hapo sikate sana, natoa tu zenye zimekauka.

Simama mbele ya pazia yako na ukamate tawi moja yenye ilishazaa. Utaijua: imekuwa ngumu, majani ya juu imeanguka, iko na alama fasi tunda ilikuwa. Fuata na vidole mpaka fasi inatokea kwenye mukono, kisha rudi chini ukihesabu vifundo: moja, mbili, tatu. Kata hapo chini ya ya tatu, uache kipande kidogo kama upana wa kidole chini ya fundo, usikate kwenye fundo yenyewe. Hiyo kipande yenye imebaki kwenye mukono itachipuka, na kila chipukizi ni pazia mpya. Ikiwa tawi ingali kijani na iko na maua ao matunda changa, iache, haujamaliza kula. Ikiwa imekauka kabisa ama imeoza, toa yote mpaka kwenye mukono.

Mukono wenyewe na shina usiguse. Kama mukono moja umekufa, chagua tawi moja mpya karibu na katikati uilaze kwenye waya ichukue fasi yake.

Na usikate pande zote siku moja. Mimi nakata upande wa kushoto, nangoja wiki tatu nne mpaka naona vichipukizi, kisha nakata upande wa kuume. Muti inabaki na majani ya kujilisha na pia juisi haikatike nyumbani, juu ikikatika wa kwanza kulalamika ni watoto na wa pili ni mimi.

Juu ya chombo: sekatere, ile makasi ya kukatia matawi, ikipatikana muzuri, kama haiko kisu ya jikoni yenye makali inafaa, panga wacha kwenye kuni. Kabla ya kuhama kutoka muti moja kwenda ingine, safisha makali, na javeli (dawa ya kung'arishia nguo) kidogo kwenye maji ao pitisha kwenye moto. Hii sio mambo ya wazungu. Marakuja iko na ugonjwa wa virusi yenye inafanya tunda iwe ndogo, imepinda, ngozi nene ngumu kama mbao, ndani hakuna maji, na majani inakuwa na mabaka ya manjano. Inabebwa na vile vidudu vidogo vyenye vinajaa kwenye ncha laini, na inabebwa pia na kisu yako. Dawa haina. Ukiona muti iko hivyo ngoa, choma, usiombe jirani akupe mbegu ya hapo wala kipande ya tawi.

Ikiwa ulinunua muti yenye imeshonewa juu ya shina ya ingine, angalia chini ya kovu, chochote chenye kinatokea pale toa haraka, hiyo sio marakuja yako.

Siku zenye volkano inatoa moshi mingi na mvua inaanguka ndani ya ile moshi, majani inaweza kuamka na madoa ya kuungua. Usichukue kisu kwa hasira. Ngoja wiki mbili, kama ncha mpya zinatoka safi, ilikuwa mvua tu.

Ukimaliza kukata, mwaga mbolea kidogo kuzunguka shina lakini isiguse shina, funika na nyasi kavu, na jembe usiingize pale, kwa sababu mizizi yake iko juujuu. Maji, kama mvua inachelewa, nusu bidoni (dumu ya maji) kila siku mbili tatu inatosha, hata ile ya kuoshea sombe, majani ya muhogo. Matawi yenye umekata usitupie mbuzi, majani ya marakuja na tunda yenye haijaiva ziko na sumu ndani, mwaga kwenye shimo ya takataka ioze.

Mama jirani yangu alikuwa ananiita kila wiki kwenye ukuta, "Papa, marakuja yako iko nalala tena kwenye mashuka yangu," na mimi samahani Mama, samahani Mama. Tangu nilianza kukata hajaniita tena kwa hiyo. Sasa ananiita kuuliza mbona upande wake haianguke tena matunda. Nampelekea kisahani.

Muti moja inakupa miaka mitatu, minne, mitano ukibahatika, kisha inachoka hata ukate vizuri namna gani. Ya kwangu iko na minne. Mwezi wa tisa uliopita nilipanda ingine upande wa jikoni, imefika kwenye waya wiki hii, na kesho asubuhi nakata ncha.