Maksai wa Friesian: mshike mbavu kabla hujamwita mnunuzi

Madume ya ng'ombe wa maziwa yaliyohasiwa huuzwa siku isiyofaa kwa namna mbili. Wapo wafugaji wanaouza mapema kwa sababu mnyama amerefuka na anaonekana mkubwa kuliko wenzake. Wapo wanaongoja mpaka makalio yajae na mgongo utanuke kama wa ng'ombe wa nyama. Kwa Friesian siku hiyo haifiki, na wakati wote wa kungoja, chakula kinaliwa kila asubuhi.

Friesian hutanguliza mifupa, nyama ikafuata, na mafuta ndiyo ya mwisho. Tena mafuta yenyewe huyaweka zaidi ndani, kuzunguka figo na matumbo na katikati ya nyuzi za nyama, kuliko chini ya ngozi. Ndiyo maana hata aliyenona sawasawa bado mifupa ya nyonga yake imechomoza na paja lake ni bapa. Ukimlisha mpaka aonekane mnene kwa nje, tayari amejaza tumboni mafuta mengi ambayo umeyagharimia wewe na hakuna atakayeyalipia.

Kwa hiyo tumia mikono. Mwingize kwenye kibanio, kile kichochoro chembamba cha kumzuia ng'ombe asizunguke, akiwa ametulia, kisha bonyeza kwa vidole juu ya mbavu za mwisho. Ukihisi kila ubavu peke yake, mkali, na ngozi imeshikana na mfupa, bado. Ukilazimika kukandamiza kidogo ndipo uupate ubavu, na chini ya ngozi kuna ulaini unaosogea, amekaribia au amefika. Fanya vivyo hivyo kwenye ncha za mifupa ya kiunoni, kisha pande zote mbili za shina la mkia. Hapo kwenye mkia Friesian huchelewa kuweka mafuta, hivyo ukikuta hata vinundu vidogo laini, hiyo ni dalili nzito. Tazama pia kidari kama kimejaa na kuning'inia, na kifuko cha korodani: kwa maksai aliyenona hujaa mafuta, kwa aliyekonda hubaki ngozi tupu iliyokunjamana. Usiamue kwa sehemu moja. Tumbo ndilo linalodanganya kuliko zote, kwani linaweza kuwa limejaa majani na maji tu.

Uzito nao una neno lake. Friesian aliyelishwa nafaka vizuri kwa kawaida huwa tayari akiwa na kilo 550 hadi 650. Jersey ni mdogo, anaweza kuwa tayari kwenye kilo 400 na kitu, na ukimsubiri afike uzito wa Friesian utapata mafuta tu. Anayetegemea malisho peke yake huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi miaka miwili na kupita. Kama huna mizani, tumia tepu. Pima mzunguko wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mwenye mzunguko wa sentimita 190 na urefu wa 160 atakuwa na kilo 533 hivi. Ni makadirio, lakini ukipima mnyama yuleyule kila baada ya wiki tatu au nne, asubuhi kabla hajala wala kunywa, utaona mwendo wake.

Na huo mwendo, kwa maoni yangu, ndio unaoamua kuliko kitu kingine chochote. Nyama kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo kilo ya nyama huhitaji chakula kidogo kuliko kilo ya mafuta. Maksai anayekua huongeza nyama. Akishakomaa, kila kilo mpya ni mafuta zaidi na zaidi, na huku mwili mkubwa unadai chakula kingi cha kujiendesha tu. Tuseme alikuwa akila kilo 10 za chakula kikavu kwa siku na kuongezeka kilo 1.4: kila kilo ya uzito imekula kama kilo 7. Miezi miwili baadaye anakula kilo 12 na kuongezeka 0.9 tu: kilo moja sasa inakula zaidi ya 13. Gawanya gharama ya chakula cha siku kwa kilo alizoongeza kwa siku. Jibu likizidi bei ya kilo moja ya uzito hai, na mikono yako imeshakuta mafuta kwenye mbavu, muuze.

Ukiita wanunuzi, jua kwamba watamkata bei kwa sababu ya uzao wake, na sababu ipo. Ana matumbo makubwa na misuli myembamba, hivyo maksai wa kilo 600 anaweza kutoa mzoga wa kilo 340 hivi, ilhali mzoga wa ng'ombe wa nyama mwenye uzito huohuo ungefika 370. Tofauti hiyo ikubali. Usikubali ikatwe mara mbili, kwa kumshusha bei ya kilo na kisha kumkadiria uzito wa chini kwa jicho. Nyama yake ikiwa na mafuta yaliyotawanyika vizuri ni laini na tamu, na hilo ni haki yako kulitaja.

Kabla ya siku yenyewe, pitia daftari la matibabu. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchinja, nazo zimeandikwa kwenye chupa. Zisipoisha, mnyama haondoki hata kama mnunuzi amesimama zizini. Siku za mwisho usimchanganye na maksai wageni wala kumkimbiza kwa fimbo, maana anayepigana na kuhangaika humaliza akiba ya nguvu kwenye misuli na nyama hutoka nyeusi. Kundi lililozaliwa pamoja halikomai pamoja. Toa waliofika, na waliobaki wapime tena baada ya wiki tatu.