Kabla Shule Hazijafunguliwa: Mtoto Mwenye ADHD Anapoingia Gredi ya Kwanza

Mwalimu mwenye watoto 50 darasani hana la kufanya na herufi nne ulizomletea kwenye karatasi: ADHD, yaani hali inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuzingatia. Lakini ukimwambia, "Mwalimu, mwanangu akipewa maagizo matatu kwa mpigo hushika la mwisho tu, tafadhali mpe moja moja," hilo ataliweza kesho asubuhi, na halina gharama. Mimi nilichelewa kulijua. Mwanangu alipoanza PP2, mwaka wa mwisho wa chekechea, nilikwenda shuleni na barua ya daktari, nikaikabidhi ofisini, nikarudi nyumbani moyo umetulia. Barua ikalala kwenye faili. Mtoto akawekwa nyuma kabisa, kando ya mlango, kwa kuwa ni mrefu kuliko wenzake. Kila aliyepita nje alipita na akili yake.

Kwa hivyo likizo ndefu ya Novemba na Desemba ndiyo wakati wa kujiandaa, na kazi inaanzia nyumbani. Chukua daftari uandike unayoyaona, si unayoyadhani. Usiandike "hatulii". Andika anatulia dakika ngapi, akifanya nini, saa ngapi, na nini kilichomtoa. Jioni moja nilimpa wangu hesabu kumi. Tano za kwanza alizifanya upesi na zote sahihi. Ya sita akaanza kumtazama mjusi ukutani. Ya nane penseli ikaanguka, akaifuata chini ya meza, hakurudi. Kesho yake nikaikunja karatasi katikati aone tano tu. Alipomaliza nikaikunjua, akamaliza na tano nyingine. Kumbe hesabu anazijua. Kinachomshinda ni wingi wake machoni. Karatasi ile iliyokunjwa niliibeba hadi shuleni, na ilimweleza mwalimu mengi kuliko barua ya daktari.

Kabla hujalikubali jina la ADHD, hakikisha mengine yameangaliwa. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara hupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Macho nayo yapimwe. Uliza kuhusu kifafa cha kuduwaa, kile ambacho mtoto hukodoa macho sekunde chache kisha akaendelea kama hakukutokea kitu. Angalia usingizi pia: mtoto anayelala saa tano usiku kwa sababu televisheni iko sebuleni anapolala atahangaika darasani hata kama hana tatizo lolote. Halafu kuna umri. Tafiti za nchi kadhaa zimeonyesha kwamba walio wadogo zaidi katika darasa hubandikwa jina hili mara nyingi zaidi kuliko wenzao waliowazidi miezi. Daktari makini atauliza iwapo dalili zimedumu miezi sita au zaidi, na iwapo zinaonekana mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Akihangaika shuleni tu, na kwingineko yuko sawa, basi ichunguzwe shule kwanza. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayothibitisha ADHD. Ndiyo maana daftari lako lina thamani hata kwa daktari.

Hapa Kenya tuna vituo vya tathmini ya elimu, ambavyo wengi huviita EARC. Vilianzishwa mwaka 1984 kwa ushirikiano na Denmark, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza kilicho karibu nawe. Nenda mapema, usingoje Januari. Daktari huandika ugonjwa na dawa. Mwalimu wa elimu maalumu kituoni huandika mtoto aketi wapi na afundishwe vipi, na hiyo ndiyo lugha ya shule. Toa nakala kadhaa za ripoti. Siku shule itakapomwombea muda wa ziada katika mitihani ya KNEC, yaani Baraza la Mitihani la Kenya, ripoti ya tathmini ndiyo itakayotakiwa.

Sasa mkutano wa shuleni. Omba kukutana na mwalimu wa darasa mwenyewe, asiwe mwalimu mkuu peke yake, na uende kabla ya siku ya kufungua, kwa sababu siku hiyo hana nafasi hata ya kukaa. Beba ukurasa mmoja. Wangu ulikuwa na maombi matano: aketi mbele, mbali na mlango na dirisha; aitwe kwa jina na atazamwe kabla ya kupewa agizo, kisha alirudie kwa mdomo wake; kazi ndefu akatiwe vipande, akimaliza kimoja aonyeshe; apewe sababu halali ya kunyanyuka, kama kufuta ubao au kugawa vitabu; na asinyimwe mapumziko kwa kosa la kutotulia. Hili la mwisho nililisisitiza. Mtoto wa namna hii akifungiwa ndani wenzake wanapocheza, saa inayofuata ndiyo itakayoharibika zaidi, kwake na kwa darasa zima. Usipeleke maombi kumi na tano. Mwalimu amechoka, na ana watoto wengine wenye shida ambazo hakuna mzazi aliyekuja kuzieleza.

Fimbo nayo izungumzwe siku hiyo hiyo, kwa adabu na bila kuzunguka. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, inakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha, iwe ya mwili au ya akili, na anayeivunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Lakini mimi sikuanza na sheria. Nilimwambia mwalimu, "Mwanangu hakosi kwa kukusudia. Ukimchapa ataogopa, hatatulia." Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nyumbani tunafanyaje. Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza hasa.

Kubalianeni daftari dogo la kwenda na kurudi. Ndani yake mambo matatu tu, kwa mfano: alianza kazi alipoambiwa, alinyoosha mkono kabla ya kusema, alirudi na vitu vyake. Mwalimu anatia alama ya vema, basi, asilazimike kuandika insha. Zawadi itolewe nyumbani jioni ile ile, ndogo, kama hadithi ya pili kabla ya kulala. Ukimwahidi baiskeli ya mwisho wa muhula, kwake huo ni mwaka mzima.

Kuhusu dawa nitasema kwa ufupi, kwani mwenye neno ni daktari. Kwa watoto wasiotimia miaka sita, ushauri wa kitaalamu ni kuanza na mafunzo ya wazazi. Akiandikiwa methilfenideti baadaye, fahamu kwamba inaweza kupunguza hamu ya kula na kuchelewesha usingizi. Ashibe asubuhi kabla ya kuimeza, mwalimu akuambie kama chakula cha mchana kinarudi kilivyokwenda, na dawa isibebwe kamwe kwenye begi la mtoto.

Sisi wa Mombasa tuna shule mbili kwa siku, na madrasa husahaulika. Ustadh naye aelezwe. Wetu alisikiliza, akasema kijana asome amesimama, na akisimama anahifadhi aya kwa wepesi unaonishangaza. Dereva wa basi la shule aambiwe pia, kwa kuwa ugomvi mwingi huanzia kwenye kiti cha nyuma.

Jamaa watasema. Nimeambiwa "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" mbele ya wageni, na nimeshauriwa nimpeleke akasomewe. Dua mimi mwenyewe naomba kila siku. Lakini ADHD haiji kwa malezi mabaya wala kwa sukari. Kwa sehemu kubwa hurithiwa. Tafuta mtu mmoja nyumbani akusimamie kwenye hili. Kwetu ni bibi yake.

Wiki ya mwisho, mpeleke mtoto shuleni kabla watoto hawajajaa. Aone darasa, choo, bomba la maji. Andika jina lake kwenye sweta, begi na chupa. Nunua penseli dazeni nzima, maana zitapotea, na usimgombeze kwa hilo.

Kisha panga tarehe ya kurudi, wiki ya tatu baada ya kufungua, uulize lipi limefaa na lipi limeshindikana. Kwetu kilichoshindikana ni kiti cha mbele nilichokuwa nimekiomba mwenyewe: alikuwa akigeuka nyuma kuwatazama wote. Mwalimu akamhamishia safu ya pili, ubavu ukutani, jirani na msichana mmoja mtulivu anayemgongea meza kwa kidole kila ukurasa unapofunguliwa. Hilo halikuwamo kwenye karatasi yangu. Mwalimu ndiye aliyeliona.